Amani Kuanzia Jumatano Jioni

(Aliyesema ni Shemasi Mkuu Gerbald, kwa niaba ya askofu, uwandani nje ya kijiji cha Vernolle, siku ya Alhamisi, wakati wa kulima. Sisi wabeba mawe wa kanisa jipya tuliambiwa tuteremke tujaze uwanja, maana wenyeji walikuwa wachache. Wengine wamekimbia, wengine wamefungwa. Tulikaa chini kwenye nyasi zilizolowa. Yeye alisimama juu ya mkokoteni uliotandikwa zulia.)

Mhashamu Baba Askofu, ambaye hayupo lakini moyo wake upo. Waheshimiwa maabati wa monasteri zote tatu za bonde hili, pamoja na abati wa nne ambaye bado tunabishana naye. Waheshimiwa makanoni wa kanisa kuu, mapadri wa parokia, mashemasi, wasomaji, washika mishumaa na wafungua milango ya kanisa. Bwana Itier wa ngome ya Malroc, mwenye mnara, mwenye kinu, mwenye mkono unaofika mbali. Bwana Eble wa ngome ya Belsol, jirani yake mpendwa na adui yake wa siku zote. Mabibi wa mabwana hao. Mama zetu wajane, ambao kwa juhudi za mabwana hao mmeongezeka sana. Wakulima, wachungaji, wabeba mawe kutoka mbali. Na ninyi nyote ambao sikuwataja kwa majina kwa sababu siyajui: itifaki imezingatiwa. Amani hoyee!

(Hoyee. Wachache tu.)

Sijasikia. Amani hoyee!

(Hoyee. Mwenzangu Hamon, tuliyetoka naye Bretani, aliuliza kama kutakuwa na mkate.)

Ndugu waumini, napenda kuchukua fursa hii adhimu kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uhai, hasa ukizingatia mazingira, na kunijalia mimi binafsi safari njema kutoka mjini mpaka hapa, safari ambayo niliifanya kwa kupita msituni nikiwa nimevaa nguo za mpishi wangu, si kwa sababu ya woga kama wasemavyo wasiotutakia mema, bali kwa lengo la kufanya tathmini ya kina ya usalama wa barabara kuu, na tathmini hiyo imeonyesha pasipo shaka kwamba hali ni shwari kabisa, msituni.

(Makofi kutoka kwa makanoni, waliokuja nyuma yake kwa njia hiyohiyo na bado walikuwa na miiba kwenye majoho.)

Sote tunafahamu changamoto iliyopo. Mabwana wetu wanapigana. Wanapigania daraja, wanapigania bwawa la samaki, wanapigania nani aketi karibu na chumvi, mahali pa heshima, mezani kwa mwenzake. Na kwa kuwa bwana mmoja akijificha mnarani mwenzake hamfikii, basi humaliza hasira kwa wale wasio na mnara, yaani ninyi. Kanisa halikukaa kimya. Kanisa limeunda kamati, na kamati ikaunda kamati ndogo, na kamati ndogo ikafanya upembuzi yakinifu ambao mimi mwenyewe, bila kujisifu, niliuongoza, nikalala njaa, nikakonda, mkanda huu mnaouona ulikuwa wa mtu mwingine kabisa.

(Tulimtazama tumbo. Mama mmoja mbele yetu akasema, "Mwenye mkanda alikuwa nani, farasi?" Watu wakacheka, makanoni wakapiga makofi wakidhani ni sifa.)

Na matunda yameanza kuonekana! Mwaka juzi vijiji vilivyochomwa katika dayosisi hii vilikuwa vingi mno. Mwaka jana vilipungua. Mwaka huu vimepungua zaidi, mafanikio ambayo wakosoaji wetu wanasema yametokana na vijiji kuisha. Lakini mimi nawauliza wakosoaji hao, kama si uongozi madhubuti, vingeisha kwa utaratibu mzuri namna hii?

(Hapo akasimama mwanamke, Rainilde, mke wa Gauzbert mkulima. Sote tulimjua, ndiye aliyekuwa akituletea maziwa machimboni, hata siku ambazo hatukuwa na cha kumpa. Mumewe alikamatwa na watu wa Bwana Itier akiwa shambani, yeye na ng'ombe wake wawili wa jembe, akatiwa katika shimo chini ya mnara wa Malroc. Mchana humtoa achimbe handaki, jioni humrudisha. "Baba Shemasi," alisema Rainilde, "nina swali moja tu. Mume wangu atatoka leo?")

Mama, swali lako ni zuri, tena ni zuri sana, limepokelewa, na litajibiwa katika kipengele husika tutakapokifikia. Kaa.

("Ni kipengele cha ngapi, baba?")

Kaa, mama.

(Akakaa. Bwana Itier alikuwa ameketi kwenye benchi upande wa kulia, bila upanga, maana masharti ya siku hiyo yalikuwa kila bwana aje bila silaha na mtumishi mmoja tu. Alikuwa akichokonoa meno kwa kijiti. Bwana Eble alikuwa kwenye benchi la kushoto. Katikati yao waliwekwa makanoni wanene.)

Sasa nije kwenye kiini cha jambo. Mpango wetu, unaoitwa Suluhu ya Mungu, ni mpango shirikishi, endelevu na wa awamu. Katika awamu ya kwanza, hatuwaambii mabwana waache vita. La hasha! Hatutaki kuwanyima watu shughuli zao halali. Tunachosema ni hiki: kuanzia Jumatano jua linapozama mpaka Jumatatu jua linapochomoza, asipigane mtu. Alhamisi, kwa sababu ya karamu ya mwisho ya Bwana wetu. Ijumaa, kwa sababu ya mateso yake. Jumamosi, kwa sababu alilala kaburini. Jumapili, kwa sababu alifufuka. Hivyo vita vitakuwa Jumatatu, Jumanne, na Jumatano mchana, ili wadau wote wa vita wapate muda wa kutosha wa kutekeleza majukumu yao kwa ufanisi.

(Minong'ono. Mkulima mmoja mzee akainua mkono asisubiri kuruhusiwa. "Baba Shemasi, Jumapili haturuhusiwi kulima. Jumamosi ni gulio. Ijumaa tunafunga, nguvu hakuna. Alhamisi mmetuita hapa. Tunalima Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Sasa hizo ndizo mmewapa?")

Hilo, mzee wangu, tunaliita mwingiliano wa ratiba.

("Na dawa yake?")

Limechukuliwa.

(Bwana Eble naye akalalamika kutoka kwenye benchi lake. "Jumatatu mimi siwezi kupigana. Jumapili nakunywa." Bwana Itier akatoa kijiti mdomoni. "Ndiyo maana nakuja Jumatatu.")

Waheshimiwa, tuvumiliane, tuko mbele za Mungu! Na tusisahau kwamba mpango huu unajumuisha pia majuma yote ya kabla ya Noeli, Kwaresima nzima, na sikukuu za watakatifu wakubwa, isipokuwa pale ambapo sikukuu itaangukia siku ambayo bwana tayari ameshatoka nyumbani na farasi wake wametandikwa, kwa maana hatutaki usumbufu. Na sasa, ndugu waumini, tumefika kwenye kipengele ambacho mlikingoja. Pigeni magoti!

(Wakaleta sanduku. Lilikuwa sanduku la fedha lenye vito, limefunikwa hariri nyekundu, limebebwa na mapadri wanne. Tulipiga magoti sote, hata Hamon ambaye goti lake lina uvimbe. Ndilo sanduku la mifupa ya Mtakatifu Teutran, na huyo kila mtu bondeni anamwogopa. Wanasema aliyeapa uongo juu ya mifupa yake, mkono wake ulikauka pale pale ukawa kama tawi, akawa anautumia kuchochea moto mpaka alipokufa. Bwana Itier aliacha kutafuna kijiti chake.)

Bwana Itier wa Malroc, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa amekubali kuwa wa kwanza, atasogea, ataweka mkono wake wa kulia juu ya sanduku na kusema baada yangu: Sitamkamata mkulima wala mke wake. Sitamnyang'anya ng'ombe wake, wala nguruwe, wala kondoo, wala punda na kilicho mgongoni mwa punda. Sitakata mizabibu ya mtu kwa sababu ya hasira tu. Sitachoma nyumba ya mtu, isipokuwa adui yangu awe ndani, au aonekane kana kwamba yumo. Haya yote nayaapa, isipokuwa katika ardhi iliyo yangu mwenyewe.

(Bwana Itier aliyasema yote kwa haraka na kwa sauti ya chini, ila lile la mwisho alilisema mara mbili. Kisha akaondoa mkono. Rainilde alikuwa amesimama tena. "Na Gauzbert?" Bwana Itier akamtazama kama mtu anayetazama inzi aliyemzoea. "Gauzbert nilimkamata katika ardhi yangu, we mama. Umesikia kiapo. Shamba lile ni langu." Bwana Eble akaruka kutoka kwenye benchi. "Shamba lako! Shamba lile ni langu tangu babu yangu! Nimelichoma mimi mwenyewe mara mbili, ningelichoma kama si langu?")

Waheshimiwa! Waheshimiwa! Hapa naomba nitoe ufafanuzi wa kitaalamu. Iwapo ardhi moja inadaiwa na mabwana wawili, basi kwa mujibu wa kiapo kila mmoja ana haki ya kuipora kama mali yake, na hakuna aliyevunja amani. Naona hapa tuna mfano mzuri sana wa mpango unavyofanya kazi.

(Hakuna aliyepiga makofi. Hata makanoni. Rainilde hakukaa. Alipita katikati ya watu mpaka mbele ya mkokoteni, akasimama karibu na sanduku, aproni yake ina tope la njiani. "Bwana," alimwambia Itier, "sina elimu ya kubishana nawe. Rudisha mkono wako hapo juu. Kisha sema shamba la Gauzbert ni ardhi yako. Sema tu. Mtakatifu Teutran akikubali, mimi naenda nyumbani.")

Mama, utaratibu wa maswali...

("Mwache aseme!" Ilikuwa sauti ya mtu wa nyuma. Halafu watu wote. "Mwache aseme! Weka mkono! Weka mkono!" Bwana Itier aliinua mkono wake wa kulia, akautazama. Ni mkono mkubwa, ndio anaoshikia upanga, na ndio anaolia chakula. Akausogeza karibu na hariri, akaurudisha. Akausogeza tena. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Mkewe kutoka kwenye benchi akasema polepole, "Itier, usithubutu. Nani atakulisha?" Basi akauficha mkono kwapani. "Mchukueni," alisema. "Mtu mwenyewe anakohoa, hata kuchimba hachimbi. Odo! Nenda Malroc ukamlete." Akamvulia mtumishi wake glavu ya kushoto iwe ishara kwa walinzi. Odo ni mzee mnene mwenye nyumbu wa umri wake. Wakaondoka wawili hao, wakapanda kilima taratibu, na tukawaangalia mpaka wakapotea upande wa pili. Rainilde alikaa chini pale pale.)

Makofi tafadhali! Makofi kwa Bwana Itier! Ndugu zangu, mmejionea. Kuna waliosema mpango huu ni maneno matupu. Kuna waliosema Shemasi Mkuu anatafuta uaskofu. Mimi sitawajibu, kazi imewajibu! Na kwa mafanikio haya makubwa, ambayo nitayaandikia taarifa ndefu, naomba sasa nihitimishe kwa kutoa shukrani. Namshukuru Baba Askofu kwa maono yake. Nawashukuru mabwana kwa kuja. Nawashukuru wabeba mawe kwa kukaa. Nawashukuru mapadri wanne waliobeba sanduku hili kwa heshima kubwa ingawa ni jepesi. Na kwa namna ya pekee kabisa nawashukuru watawa wa Mtakatifu Teutran, walinzi wa mifupa yake mitakatifu, ambao kwa busara yao waliona kwamba barabara haijawa salama kiasi cha kumsafirisha mtakatifu, wakaamua abaki nyumbani, na wakatuazima sanduku.

(Nilisikia kunguru. Halafu Bwana Itier akasema, "Umesema nini?")

Nimesema tunawashukuru watawa.

("Kabla ya hapo. Mtakatifu yuko wapi?")

Yuko nyumbani kwake, bwana, salama salimini.

("Na humu ndani mna nini?")

Mna nia njema, bwana.

(Bwana Itier alikwenda akafunua hariri, akafungua kifuniko, akainama. Alitoa kipande cha sufu na ganda la lozi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika goti. "Nimetokwa jasho kwa ajili ya ganda la lozi! Shamba ni langu! Mnanisikia? Ni langu, na mkono huu hapa, mzima!" Akautikisa hewani, akapinda vidole kimoja kimoja. Kisha kicheko kikamkauka, akatazama kilimani alikopotelea Odo. "Farasi wangu! Nileteeni farasi wangu!" Hakuna aliyekwenda. Mtumishi wake alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa juu ya nyumbu. Akamgeukia Bwana Eble. "Niazime mtu wako amrudishe Odo." Bwana Eble akaketi, akaweka mguu juu ya mguu. "Mtu wangu? Mtu wangu anapumzika. Leo Alhamisi." Basi Itier akaanza kwenda mwenyewe kwenye mierebi walikofungwa farasi.)

Bwana Itier! Bwana Itier, naomba usimame hapo ulipo! Kiapo ni jambo moja, kinaweza kuwa na kasoro ndogo za kiufundi. Lakini mkutano huu umefunguliwa kwa sala, na anayetoka kabla ya baraka ya mwisho amejitenga na Kanisa yeye mwenyewe kwa miguu yake mwenyewe, hatazikwa na baba yake, kengele haitalia, na wala hilo halihitaji mifupa ya mtu. Hata mimi siwezi kutoka. Nilishajaribu zamani kwa haja ndogo, nikakatazwa.

(Bwana Itier akasimama mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. "Basi toa baraka," alisema. "Toa sasa hivi. Umeshamaliza, umeshukuru." Na ni kweli alikuwa amemaliza. Shemasi Mkuu aliinua mkono wa baraka. Sisi sote, Mungu atusamehe, tangu asubuhi tulikuwa tukiomba huo mkono uinuke. Mgongo ulikuwa umetukufa, njaa inauma. Na Odo na nyumbu wake hawakuwa wamefika hata nusu ya njia. Ndipo Rainilde alipopaza sauti kutoka chini alikokaa. "Baba Shemasi! Hujatueleza awamu ya pili!" Mkono ulisimama hewani. "Awamu ya pili?" alisema, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeulizwa habari za watoto wake. "Mnapenda kuisikia awamu ya pili?")

("Tunapenda!" alisema Rainilde. "Tunapenda!" alisema yule mzee wa mwingiliano wa ratiba. "Tunapenda sana!" tulisema sisi wabeba mawe.)

Ndugu waumini, nimeguswa. Kwa muda wa miaka mingi ya utumishi, sijawahi kuombwa. Basi, awamu ya pili imegawanyika katika nguzo, na kila nguzo imegawanyika katika mihimili, na mihimili hiyo, msiwe na haraka, nitaieleza mmoja baada ya mwingine. Nguzo ya kwanza ni Jeshi la Amani. Kila mwanamume mwenye nguvu atajiunga, atapewa rungu la mti mgumu, na tutakwenda kwa yeyote anayevunja amani, tutambomolea mnara, tutamchomea ghala, tutamfukuza bondeni na nguo yake moja, mpaka aelewe ubaya wa vurugu.

("Hilo limeeleweka, toa baraka!" alisema Bwana Itier. "Mimi sijaelewa," alisema Rainilde. "Jeshi litakuwa na bendera?")

Bendera! Mama huyu ana akili. Bendera, ndugu zangu, ni suala mtambuka. Kamati ndogo ilikaa juu ya bendera tangu Kwaresima mpaka mavuno. Walikuwepo waliotaka nyeupe, kwa ajili ya amani. Wakawepo waliosema nyeupe inachafuka vitani. Nikapendekeza mimi, kwa unyenyekevu...

(Akaieleza bendera. Akaeleza mti wa bendera. Akaeleza nani ataibeba mvua ikinyesha. Bwana Itier aliketi, akasimama, akaketi. Jua lilihama kutoka bega moja la Shemasi Mkuu likaenda la pili. Kila alipopunguza sauti, mtu mmoja aliuliza jambo. Mama mmoja aliuliza kama bata wamo katika kiapo, maana wametajwa ng'ombe, nguruwe, kondoo na punda tu. Bata walichukua muda mrefu. Ndipo Hamon, mtu ambaye machimboni hukaa siku nzima bila kusema neno, akasimama na goti lake bovu. "Mheshimiwa, mimi ni mgeni, nisaidie. Punda ametoka nyumbani Jumatano mchana, wakati wa vita. Anavuka mto. Jua linazama yuko katikati ya maji. Kichwa chake kiko ng'ambo kwa Bwana Eble, mkia uko huku kwa Bwana Itier. Nani anaruhusiwa kumkamata, na kwa upande gani?")

Oooh. Oooh, ndugu mgeni. Kaeni vizuri wote.

(Bwana Itier alifunika uso kwa mikono miwili. Mkewe alikuwa amesinzia begani mwa kanoni. Shemasi Mkuu aligawa punda. Alianza na kichwa. Aliwataja mababa wa Kanisa, akataja nabii aliyekuwa na punda, akafika tumboni, akasema tumbo lina utata wake. Wakati huo ndipo tuliona kilimani kitu kinatembea. Alikuwa Odo, juu ya nyumbu, glavu mkononi. Nyuma yake mtu mrefu aliyejaa udongo mpaka kwenye nyusi, anavuta ng'ombe kwa kamba. Ng'ombe mmoja. Wa pili, Odo alituambia baadaye, alikwishaliwa.)

Bwana Itier, mbona umesimama? Nimefika kwenye mkia, upande wako.

(Bwana Itier alikuwa amesimama kweli, na alikuwa amepiga hatua mbili kwenda kwa Gauzbert. Hapakuwa na aliyetoa amri. Mtu mmoja aliinua mikono yake juu mbinguni akasema, "Amani!" Ni desturi yetu kwenye mikutano hii, mikono juu, mara tatu. "Amani! Amani!" Tukainuka sote, mikono juu, wabeba mawe, wajane, mzee, mama wa bata, tukasogea mbele kwa ibada, bega kwa bega, mpaka hapakuwa na pa kupitisha hata kuku. "Nipisheni!" alisema Bwana Itier. "Amani!" tulimwambia usoni. "Nasema nipisheni!" "Amani, bwana! Amani!" Akasukuma, Hamon hasukumwi, amebeba mawe miaka yote. Shemasi Mkuu alitoa kitambaa akafuta macho, akadhani ni yeye tunayemshangilia.)

(Rainilde hakupiga kelele. Alimfikia mumewe pembezoni mwa uwanja, akamshika uso, akaugeuza huku na huku kama anayekagua jagi sokoni. "Umekonda," alisema. "Wewe umenenepa?" alisema Gauzbert, na akakohoa. "Twende." "Kuna mkutano?" "Twende, nitakwambia." Mama mmoja akamshika aproni. "Rainilde, baraka bado! Utatengwa!" Akajinasua. "Nitengwe," alisema, "ila nitengwe naye." Wakaingia msituni na ng'ombe wao, na hakuna aliyetazama upande walikokwenda, ili tusije tukaulizwa.)

Asanteni! Asanteni sana! Shusheni mikono, ndugu zangu, mtachoka, nami nihitimishe kwa mara ya pili. Naambiwa na makanoni hapa kwamba kuna jambo la kiutaratibu ambalo ni lazima liwekwe wazi, ili taarifa yetu kwa Baba Askofu isiwe na dosari. Kwa kuwa mtakatifu hakuwepo, kiapo hakikuwepo. Kwa kuwa kiapo hakikuwepo, suluhu haijaanza. Kwa kuwa suluhu haijaanza, haikuwezekana leo kumfungua mtu yeyote kwa nguvu ya suluhu hiyo. Suluhu itaanza rasmi siku mifupa itakapofika. Mifupa itafika barabara ikiwa salama. Na barabara itakuwa salama mara tu suluhu itakapoanza. Kama mnavyoona, mpango umekamilika pande zote, hauna pengo.

Amani hoyee! Jumatano jioni hoyee! Mikono ya mabwana izidi kuwa mizima! Bwawa la samaki lidumu!

Mwisho kabisa, kabla ya baraka, nawashukuru nyote kwa kuhudhuria uzinduzi huu wa kihistoria wa jambo ambalo halijakuwepo, na kwa upekee namshukuru ndugu yetu Gauzbert, mume wa mama yule aliyeuliza maswali mazuri, ambaye kwa mujibu wa taratibu bado yumo shimoni, na tunamwomba aendelee kuwa na subira.